Mtunzi Aliyeuonea Wivu Wimbo

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mkuu wa Idara ya Nyimbo atarudisha funguo za ofisi ya ghorofa ya pili na kwenda kupumzika nyumbani kwake. Barua ya utawala inamtaja kwa jina refu la kwenye kitambulisho. Hapa kazini jina hilo halijulikani. Likiitwa kikaoni, watu hugeuka kutazama kama kuna mgeni. Sisi tunamjua kwa jina la Mzee Silabi, na hivyo ndivyo nitakavyomwita.

Utawala umeniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye fundi mitambo wa studio aliyekaa hapa muda mrefu kuliko wote waliobaki, na kwa sababu ukuta unaotenganisha chumba changu na ofisi yake ni wa mbao nyembamba. Mwenyewe aliponiona nimeshika kalamu alinipa sharti moja. "Usiniandike kama marehemu," alisema. "Marehemu ndio hawana kasoro." Mkewe naye, ambaye sisi wote humwita Shemeji, akaongeza la kwake: nisipoandika habari za wivu wa mume wake, hatakuja kwenye sherehe. Basi nimewatii wote wawili, na lawama wagawane wao.

Mzee Silabi hakuja hapa kama mtunzi. Alikuja kama mpiga taipu wa muda, kipindi kanisa lilipokuwa likichapa upya kitabu cha nyimbo. Kazi yake ilikuwa kunakili tu, lakini yeye alinakili huku midomo ikicheza. Katikati ya kazi akamwendea mchungaji aliyekuwa msimamizi wa uchapaji, akamwambia kuna wimbo mmoja unapotosha watu. Mchungaji akashtuka, akadhani ni mambo ya mafundisho. Kumbe ni neno "barabara". Mstari ulikusudia kusema Bwana ameniokoa barabara, yaani sawasawa, kabisa. Lakini tuni ilikuwa inaiangukia silabi isiyo yake, kwa hiyo miaka nenda miaka rudi waumini walikuwa wakiimba kana kwamba wokovu ulitokea njiani, pembeni ya magari. Mchungaji aliimba mstari ule polepole, akaurudia, akaanza kucheka hadi akavua miwani. Siku ile yule mpiga taipu akapewa meza karibu na dirisha, na jina ambalo halijamtoka mpaka leo.

Tangu hapo kila wimbo mpya uliotaka kuingia studio ulipita mezani kwake kwanza. Waliowahi kumletea nyimbo wanaijua ile sura. Hasomi maneno, anayagonga kwa vidole juu ya meza, silabi baada ya silabi, na mahali kidole kinapokwama ndipo penye ugonjwa. Aliwafundisha watunzi wa mitaa na mitaa kwamba wimbo wa ibada hauimbiwi watu, bali huimbwa na watu, na watu wenyewe wengine wana pumu, wengine wamebeba mtoto mgongoni, wengine wamekuja na huzuni iliyowakaba. "Noti ya juu ipe 'a'," alikuwa akiwaambia. "Ukiipa 'i' unamnyonga mama wa watu." Mtunzi akimletea wimbo wenye utatu mtakatifu, gharika, msalaba na siku ya mwisho ndani ya ubeti mmoja, alimuuliza kwa upole kama ana mpango wa kutunga wimbo mwingine maishani, au huu ndio wosia.

Kitu kimoja hakujaliwa, nacho ni sauti. Mzee Silabi akiimba, ni mlango usiotiwa mafuta. Ndiyo maana katika miaka yake ya mwanzo hapa, mwimbaji kiongozi wa kwaya yetu alipoanza kuimba nyimbo zake, sisi tuliona jambo la ajabu: mtu aliyekuwa akitunga kwa kichwa akaanza kutunga kwa moyo. Walioana mwaka uliofuata. Nyimbo alizomwandikia mkewe zilipanda kama ngazi. Shemeji alikuwa na sauti ya juu iliyoweza kutoboa paa, na mumewe akawa anaifuata huko huko juu, kila wimbo ukizidi uliotangulia. Watu walisimama, walilia, wengine walizimia kidogo, wakaamka wakauliza kaseti inauzwa wapi.

Na hapo kwenye kaseti ndipo wivu ulipoanza.

Wimbo wake wa kwanza kusikika kila mahali ulikuwa ule wa "Nifiche Nisionekane". Ni sala ya mtumishi anayemwomba Mungu amfiche ili utukufu usiende kwa mwanadamu. Wimbo mzuri, mnyenyekevu, hauna neno la ziada. Kaseti ilipotoka, jalada lilikuwa na picha ya Shemeji, jina la kwaya, jina la mchungaji wetu, jina la mpiga picha, hata jina la kiwanda kilichochapa jalada. La mtunzi halikuwepo. Aliingia studio ameishika kaseti kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota kitu kichafu. Mimi, kwa ujana na kutokujua, nikamwambia, "Lakini mzee, si ndivyo wimbo wenyewe unavyosema? Ufichwe usionekane?"

Akaniangalia. "Mimi nimemwomba Mungu anifiche," akasema. "Sikumwomba mpiga chapa."

Tulicheka sana miaka ile, na yeye alicheka pamoja nasi, lakini kicheko chake kilikuwa kinaishia menoni. Walipokuwa wakialikwa kwenye makanisa mengine, Shemeji alipokelewa kwa vigelegele, kisha mwenyeji akasema, "Na huyu ni mumewe, amemsindikiza." Mzee Silabi alitabasamu tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole na askofu. Akirudi Jumatatu tulijua ameitwaje Jumapili kwa namna alivyofunga mlango.

Hata hivyo ule ulikuwa wivu wa kawaida, wa mtu na kivuli chake. Ungeweza kuuishi. Wivu mkubwa ulikuja na mpiga kinanda.

Huyu wengi wenu mnamfahamu, maana ndiye atakayekalia kiti cha idara kuanzia mwezi ujao. Kipindi kile alikuwa ametoka kufundisha hesabu shuleni, mrefu, mcheshi, shati lake halikosi kifungo kimoja kilichokatika. Sisi tulimwita Kinanda tu. Alipiga vizuri, akasaidia kila aliyemwomba, akapendwa haraka. Baada ya miezi michache akapanda ghorofani na wimbo wake wa kwanza, akauweka mezani kwa Mzee Silabi, akasimama kusubiri.

Mimi nilikuwepo, nimekwenda kurekebisha soketi. Wimbo ulikuwa juu ya yule mwanamke Msamaria aliyekwenda kisimani adhuhuri, wakati wenzake wote wamekwisha kurudi nyumbani, ili asionane na mtu. Ulianza hivi:

*Umenikuta mchana,*
*saa nisiyotaka kuonwa;*
*ukaniomba maji*
*kabla sijaomba kitu.*

Mzee Silabi alianza kugonga meza kwa vidole kama kawaida. Alipofika mstari wa tatu vidole vikasimama. Havikukwama, vilisimama. Akanyanyuka, akaenda dirishani, akawa anatazama tangi la maji kana kwamba leo ndiyo kwanza ameliona. Kisha akauliza bila kugeuka, "Nani amekufundisha?"

"Hakuna, mzee," Kinanda akajibu. "Nilimsikia Shemeji pale koridoni akizungumza na mama wa chai. Ile sauti yake ya chini, ya kuzungumzia. Nikasema, basi hii ndiyo sauti ya mwanamke wa kisimani. Nikaiandikia hiyo."

Masikini, aliyasema kwa roho safi kabisa. Lakini mimi niliona shingo ya mzee inavyokakamaa. Kwa miaka yote ile, mume alikuwa amemwandikia mkewe aimbe juu darini. Leo amekuja mtu baki, amemwandikia aimbe pale pale anapozungumzia, pale anapowaitia watoto chakula, pale anapocheka. Mtu mwingine amemsikia mke wake kuliko alivyomsikia yeye. Ukichanganya wivu wa mtunzi na wivu wa mume katika chungu kimoja, moshi wake hauna dirisha.

"Acha hapo mezani," akasema.

Wimbo ulirudishwa kwa Kinanda na masahihisho mawili, yote ya haki. Kinanda akasahihisha, akashukuru. Ukarudi tena: kiitikio kirefu. Akakifupisha, akashukuru. Ukarudi mara ya tatu: kisima kimetajwa mno. Kinanda akaniuliza mimi pembeni, "Kaka, wimbo wa kisimani nitauandikaje bila kisima?" Nikamwambia awe na subira, mzee ana mambo mengi. Nilijua mzee ana jambo moja tu.

Aliposhindwa kuurudisha zaidi akaupitisha, lakini kwa sharti kwamba uimbwe na kwaya nzima kwa sauti nne, wala si na mtu mmoja. Jamani, mwanamke aliyekwenda kisimani peke yake ili asionekane, sasa akawa anakwenda na watu arobaini. Tulirekodi, tukasikiliza, mkurugenzi wa studio akakuna kichwa, akasema wimbo hauna kosa lakini pia hauna mtu ndani yake. Ukawekwa kabatini.

Na bado hakutulia. Kila Shemeji alipokuwa na mazoezi, mumewe alishuka na kiti chake, akakiweka katikati ya kinanda na kipaza sauti, akakaa. Katibu muhtasi wetu alikiita kile kiti "msimamizi wa mtihani". Kinanda akikohoa, mzee anageuka. Shemeji akicheka kwa jambo lolote, mzee anauliza kinachochekesha ni nini na yeye acheke. Mganga hajigangi: mtu aliyeweza kusikia silabi moja iliyokaa vibaya katika wimbo mzima, hakusikia jinsi nyumba yake mwenyewe ilivyokuwa inaanza kutoka nje ya tuni.

Wala hakusikia jambo lingine ambalo sisi wa studio tulianza kulisikia kwenye mitambo. Sauti ya Shemeji ilikuwa inachoka. Juu kule kulianza kuwa na mkwaruzo. Alikuwa anakunywa maji ya vuguvugu kabla ya kila wimbo, na akimaliza anashika koo. Nilipomuuliza alisema ni vumbi.

Mzee Silabi alijifungia akaandika wimbo wa kumaliza mashindano ambayo yeye peke yake alijua yapo. Aliuita "Kileleni pa Sifa". Ulikuwa wimbo wa kishindo, na noti yake ya mwisho ilikuwa ndefu na ya juu kuliko zote alizowahi kumpa mkewe. Mkutano mkuu wa ibada ulipofika, ukumbi ukajaa mpaka kwenye madirisha. Mtunzi alikaa safu ya mbele, suti imenyooshwa, vidole tayari juu ya goti. Kinanda alikuwa kwenye kinanda. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, mezani pa mitambo, karibu na mlango.

Ubeti wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili, nikaona mkono wa Shemeji umeshika koo. Katika wa tatu, alipopanda kuitafuta ile noti, sauti ikakatika. Haikupasuka, ilitoweka, mdomo ukabaki wazi na hewa tupu inatoka. Alijaribu tena. Hewa. Nilikuwa na mkono kwenye kitufe cha muziki wa akiba, sijui nikibonyeze au nikiache.

Ndipo Kinanda akashusha mkono wa kushoto. Akapiga noti nne za chini, taratibu, noti za ule wimbo uliofungiwa kabatini.

Shemeji alimtazama mumewe pale mbele. Wengine wanasema alikuwa anaomba ruhusa. Mimi nilimwona uso vizuri, na nawaambia hakuwa anaomba, alikuwa anamjulisha. Kisha akaimba. *Umenikuta mchana.* Aliimba pale anapozungumzia, karibu kama anasimulia, na ule mkwaruzo uliokuwa aibu kule juu, huku chini ukawa machozi. Ukumbi mzima ulisikia mwanamke mmoja, mtungi wake, na jua la adhuhuri. Ilipofika mara ya pili ya kiitikio, watu ambao hawakuwahi kuusikia wimbo ule walikuwa wanauimba.

Lakini mwenye wimbo wa "Kileleni pa Sifa" hakuwa amekaa tena. Alikuwa amesimama, akapita katikati ya viti, akanipita mimi bila kuniona, akatoka nje. Nikasema moyoni, leo ndoa imekwisha.

Anasema mwenyewe kwamba alikuwa anaelekea kituo cha basi. Alifika pembeni ya jengo, chini ya dirisha lililo wazi, akasikia sauti ya mkewe inatoka ukutani. Kwa vile hakuwa anamwona, wala hamwoni aliye kwenye kinanda, alijikuta hana wa kumwonea wivu. Alibaki na sauti tu. Ilikuwa sauti ya jikoni kwake. Ilikuwa sauti iliyompa pole alipofiwa na mama yake. Alisimama pale akaisikiliza mpaka miguu ikamwambia arudi.

Nilihisi mtu kando yangu. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, mikono yote miwili ameitia mifukoni, na alikuwa anaimba. Mzee Silabi, ambaye hatukuwahi kumsikia akiimba mbele ya watu, alikuwa anaimba kiitikio cha mpinzani wake kwa ile sauti yake ya bawaba, nje ya tuni kabisa, machozi yanamfika kidevuni. Nilipunguza kidogo kipaza sauti cha nyuma, kwa kumsitiri.

Mazungumzo yao yalifanyika siku mbili baadaye, studio. Walidhani wako peke yao. Kipaza sauti kilikuwa wazi na mimi nilikuwa na hedifoni masikioni. Kuzivua kungepiga kelele, kubaki nazo ni umbea. Nikachagua umbea.

"Baba watoto," Shemeji alisema kwa sauti iliyobaki, "nataka kujua. Unamwonea wivu nani? Mimi au yule?"

"Wimbo," akasema. "Nauonea wivu wimbo. Ningeutoa mkono huu ili niwe nimeuandika mimi."

"Kwa hiyo ukaufungia."

"Nikaufungia."

"Na mimi je?"

"Wewe nakuonea wivu tangu kaseti ile. Na yule namwonea wivu kwa sababu alikusikia koridoni mara moja akajua unapokaa. Mimi nimelala karibu na sauti hiyo miaka yote hii, nakupandisha tu. Sikujua kule juu kunakuumiza."

"Hukuuliza," Shemeji akasema. "Ulikuwa unasikiliza silabi."

Kisha nikasikia kiti kinaburutwa, na yule mama akacheka kicheko kikavu, akasema, "Na hiki kiti chako cha mtihani kirudishe ghorofani. Kinanibana nikipumua."

Kiti kilirudi ghorofani mchana ule ule. Mzee alikibeba mwenyewe.

Daktari alimwamuru Shemeji apumzishe koo kwa miezi kadhaa, hakuna kuimba wala kunong'ona. Mzee Silabi alichukua likizo yake yote ya mwaka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akawa anapika, anafua, anajibu simu. Mkewe aliporuhusiwa kusema, mzee alianza kukaa naye jikoni akimsikiliza anavyoongea, mkononi ana filimbi ndogo ya kutafutia sauti. Shemeji alikuja kutulalamikia: "Namwambia bomba limepasuka, ananijibu kwa filimbi!" Lakini alikuwa anasema huku anacheka.

Kwa Kinanda mzee alikwenda pia. Sikusikia walichoongea, mlango ulikuwa umefungwa na hata ukuta wa mbao una siku zake za adabu. Ninachojua ni kwamba ule wimbo wake, "Kisimani", ulirekodiwa upya kwa sauti ya mtu mmoja, na Mzee Silabi alikwenda mwenyewe kiwandani kusimamia jalada. Jina la Kinanda lilitoka kwa herufi kubwa, juu kabisa, hakuna wa kulikosa. Chini yake, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka vizuri sana, palikuwa na maneno "Imehaririwa na" na jina refu la kwenye kitambulisho. Malaika wako mbinguni. Sisi wengine tuko idarani.

Msidhani basi kwamba wivu uliisha. Uliacha tu kufunga milango, ukaanza kufanya kazi. Mwaka uliofuata alileta wimbo ambao leo nadhani hakuna kusanyiko letu lisiloujua:

*Sema tena, ee Bwana,*
*taratibu kama jana;*
*nilikuwa nahesabu,*
*sikusikia sauti.*

Hauna noti ya juu hata moja. Mgonjwa kitandani anauimba. Watoto wanauimba. Shemeji alipourekodi hatukurudia. Mara moja tu tukasema inatosha. Jioni ile Kinanda aliingia chumbani kwangu, akaniomba nimpigie ule wimbo. Nikampigia. Akaomba tena. Akaomba tena. Kisha akasimama, akasema, "Huyu mzee ameutoa wapi huu?" akaondoka bila kuaga, na wiki nzima alikuwa anajibu salamu kwa kichwa. Nikajua ugonjwa umeambukiza.

Tangu hapo hawa wawili wameviziana kama majirani wanaogombea mpaka wa shamba. Mmoja akitoa wimbo wa Zaburi, mwenzake hali chakula mpaka atoe wa Injili. Kinanda alijifunza silabi hadi akaanza kumsahihisha mwalimu wake. Mwalimu akajifunza kusikiliza watu wakiongea koridoni, mpaka mama wa chai akamuuliza ana matatizo gani. Waliandaa pamoja kitabu kipya cha nyimbo tunachokitumia sasa, wakazunguka mitaa na mitaa kufundisha watunzi wapya, na katika kila semina walikaa meza moja, kila mmoja akichungulia mwenzake anaandika nini. Ningependa kuwaambia kwamba kitabu kile kilijazwa na upendo wa ndugu. Upendo ulikuwepo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa ukuta, na nawaambia nusu ya kitabu kile ni wivu uliotubu ukapewa kazi.

Wiki iliyopita Mzee Silabi alikuja kutoa vitu vyake mezani. Kinanda alikuwa chini studio, anajaribu wimbo mpya. Mzee alisimama mlangoni na boksi lake mikononi, akasikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza anauonaje. "Mbovu," akasema. "Mbovu kabisa." Boksi hakuliweka chini. Akaingiza kichwa ndani akasema, "Hebu rudia pale kwenye ubeti wa pili."

Katika ratiba ya sherehe mliyoishika mkononi mtaona Shemeji ataimba mara mbili. Kwanza ataimba wimbo mpya wa Kinanda, alioutunga kwa ajili ya siku hii. Utakaofuata, na wa mwisho kabla ya sala ya kufunga, ni wa mumewe, alioumaliza juzi baada ya kuusikia wa Kinanda. Mpangilio huo ulikuja kwangu kwa ombi maalumu la mstaafu, ambaye anataka watu waende nyumbani wakiimba wake. Kinanda amekuja mara mbili kuniuliza nani amepanga hivyo. Nimemwambia ni mambo ya mitambo.

Mzee Silabi, kwa niaba ya studio, kwaya, ofisi na watu wote ambao hawakujui kwa jina lakini wameimba maneno yako wakiwa hospitalini, jikoni na makaburini: asante. Umetupa maneno yanayokaa vizuri mdomoni. Nenda ukaishi maisha mema na mama watoto, na sisi huku tutaendelea kuzitaja kazi zako kwa jina lako, kwa herufi kubwa. Tunamwomba Mungu akupe pumzi ndefu, magoti yasiyouma, usingizi mtamu, na jirani asiyejua kabisa kutunga nyimbo.